Nyumba ya Watu Wanne

Mimi nawaheshimu sana watu wanaolalamika kuhusu mito ya kulalia. Nimesoma malalamiko yao kwenye simu ya madam mpaka macho yakauma, na kila mara roho iliniuma pia. Mto ulikuwa mgumu. Pazia lilipitisha mwanga. Kahawa ilikuja vuguvugu na mhudumu hakutabasamu. Pole zao. Mimi katika nchi hii nililala kwanza kwenye stoo ya mchele, na hakuna aliyeniuliza nitaipa nyota ngapi.

Stoo hiyo ilikuwa Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, chini ya ngazi za marumaru ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nikizipiga deki. Dalali wa Nairobi alikuwa ameniambia naenda kukaa kwenye nyumba kubwa. Hakunidanganya. Nyumba ilikuwa kubwa ajabu, ila pahali pangu tu ndipo palikuwa padogo. Ukinyoosha miguu inagusa magunia, ukiamka kwa haraka kichwa kinagonga ngazi. Nawataja wakosaji mapema ili nisije nikamsahau mtu. Wa kwanza ni huyo dalali, mwenye tai ya zambarau, aliyeniombea baraka kwa macho yaliyofumbwa huku pasipoti yangu iko mfukoni mwake. Wa pili ni madam wa Al-Rawdah, aliyekuwa akinifungia stoo kwa ufunguo, kwa usalama wa mchele. Niliponyoka pale nimebaki mifupa na kikohozi, ikama yangu, kile kibali cha kuishi hapa, ikahamishiwa kwa kafili mwingine, mwajiri wa kunidhamini, huko Riyadh, nikaanza upya.

Huyo kafili wa pili ni mtu wa ofisi, mpole, anaongea na simu yake kuliko anavyoongea na watu. Madam wake hapigi mtu wala hafungi mtu. Nilipofika alinipa godoro langu mwenyewe, likae chumba cha kufulia, na nikashukuru kama nimepewa shamba.

Halafu mama yangu akafariki huko nyumbani.

Nilimwomba madam ruhusa. Alilia na mimi, machozi ya kweli, akanishika mabega. Alipomaliza kulia akasema Ramadhani inaingia, wageni ni wengi, ingoje ipite. Nikasema mazishi hayangoji. Akasema atamwambia baba, yaani mumewe. Baba ndiye wa kubonyeza simu ili nipate ruhusa ya kutoka na kurudi, na baba akasema inshallah. Nimekaa hapa vya kutosha kujua inshallah ya ndiyo na inshallah ya hapana. Hao ni wa tatu na wa nne. Wa tano ni kaka yangu wa tumbo moja, aliyesema tenti zimekodishwa na wenyewe wanazitaka. Basi mama akazikwa na watu wenye haraka, na mimi nikatazama mazishi kwenye simu ya dereva wa nyumba ile, mtandao ukikatika kila padri akifungua mdomo.

Sikulia kwa sauti. Kwenye nyumba ya watu unalia ukikata vitunguu, na familia ile ilikula vitunguu vingi sana mwezi huo. Kuimba ndiyo kabisa. Sisi Wakristo tulikuwa tukikutana Ijumaa, ukipewa nafasi ya kutoka, kwenye chumba cha mwenzetu juu ya duka la simu Al-Sulimaniyah. Dirisha linafungwa, televisheni inawashwa kwa sauti, tunaimba kama watu wanaopuliza chai. Nilijaribu kumwimbia mama wimbo wake pale. Ulikwama kooni kama mwiba wa samaki. Kwa hiyo nilibaki nataka kitu kimoja: niingie kanisa lenye mlango wa barabarani, siku ya Jumapili, nimwimbie mama wimbo wake kwa sauti yote mpaka mwisho, halafu nirudi niendelee na vyombo.

Shule zilipofunga, madam akaamua familia iende Vienna siku chache kubadilisha hewa. Baba akasema sawa, lakini si kwenye hoteli kama ile ya mwaka jana iliyowalipisha mpaka maji ya kunywa. Itafutwe fleti ya bei nafuu. Sasa, madam anajua Kiingereza kuliko mimi wa darasa la saba. Lakini kusoma maoni ya wageni waliolala mahali ni kazi, na kazi katika nyumba ile ina mwenyewe.

"Kaa hapa," akaniambia, akanipa simu. "Wewe soma, mimi nitaamua. Na wewe unakuja."

"Mimi pia, madam?"

"Watoto hawali chakula cha kule. Nani atapika?"

Nilienda jikoni nikashika sinki kwa mikono miwili. Dereva wetu, mtu wa Kakamega anayelala kwenye chumba cha geti pamoja na tairi la akiba, aliwahi kuniambia kwamba Ulaya makanisa ni mengi kama maduka ya manukato hapa Riyadh. Vienna, na Jumapili itakuwa katikati ya safari. Nilihesabu siku nikarudia.

Nikaanza kusoma. Madam alitaka jiko, mashine ya kufulia na bei ya kumfurahisha baba. Mimi nilitaka kanisa, lakini matangazo ya nyumba hayasemi mambo kama hayo. Yanasema karibu na bustani, karibu na treni. Kanisa nililikuta kwa watu wa mito. Kumbe kule mtu akilala karibu na kanisa analalamika kama mtu aliyelala karibu na kiwanda. Nikajifunza kutafuta neno moja tu, kengele, na nikilikuta nafungua macho yote. Mama mmoja aliandika kwamba kengele zilimwamsha mtoto. Mwingine akasema alidhani ni moto. Halafu nikampata bwana mmoja, Mungu ambariki alipo, aliyekuwa ameandika kwa hasira kwamba kanisa limeegemea ukuta wa chumba cha kulala, kengele zinapigwa kichwani mwako, na Jumapili asubuhi zilipigwa mpaka akatoka nje na pajama. Akatoa nyota moja. Mimi ningempa mbingu yote.

Nilimwonyesha dereva tukiwa tunapakua vitu vya dukani. Akasoma, akacheka mpaka akaweka mfuko wa viazi chini.

"Siste, hebu niambie ukweli. Unamtafutia madam nyumba, ama unajitafutia parokia?"

"Ina jiko," nikasema.

"Na kwaya iko?"

"Beba viazi, wewe."

"Nabeba. Lakini ukifika huko uniombee nami nitoke kwa hii tairi."

Jioni nikampelekea madam ile simu. Jiko kubwa, nikamwambia, mashine ya kufulia ipo, soko liko kona ya pili. Akatazama bei, akanitazama mimi, akarudi kwenye bei.

"Mbona rahisi hivi? Ina nini?"

"Mafi, hakuna kitu, madam. Watu wanasema tu kuna kelele asubuhi."

"Kelele ya nini?"

Nilikuwa nimepanga kusema ni saa ya mnarani. Ulimi ukakataa. "Ya kengele. Kuna kanisa hapo."

Madam akacheka. "Kwa bei hiyo wapige hata ngoma. Yalla, jaza."

Nikajaza. Simu ikauliza watu wazima wangapi, nikaweka wawili. Ikauliza watoto, nikaweka wawili. Kulikuwa na bei mbili, moja unaweza kughairi ukarudishiwa pesa, nyingine huwezi, na hiyo ya huwezi ndiyo ya chini. Nikamwonyesha madam, akasema ya chini. Akaingiza namba za kadi yake, halas, nyumba ikawa yetu. Nililala chumba cha kufulia nikiwa na sikio ukutani, kama vile kengele ziko upande wa pili.

Siku ya viza tulienda wote. Karani wa dirishani alikuwa kijana mwenye miwani, mstaarabu. Akapitia karatasi za baba, za madam, za watoto. Akafika kwangu akasimama.

"Nyumba hii ni ya watu wanne," akasema. "Huyu atalala wapi?"

Nikamjibu mwenyewe, kwa Kiingereza changu chote. "Jikoni, bwana. Hakuna shida."

"Jikoni si pahali pa kulala."

Nikadhani ananitania. Nikataka kumwambia kuhusu stoo ya mchele, lakini nyuma yetu kulikuwa na foleni.

Madam akamwandikia mwenye nyumba pale pale, aongeze mtu mmoja. Jibu likaja kabla hatujafika kwenye gari. Mama wa Vienna alikuwa na adabu sana, aliweka mpaka picha ya ua. Nyumba ni ya watu wanne, alisema, na yeye anajali starehe ya kila mgeni. Namtaja huyo ni wa sita. Alijali starehe yangu mpaka akanizuia nisifike.

Ndani ya gari madam akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anashangaa kweli, na hilo ndilo lililonichoma.

"Lakini wewe ndiye uliyejaza. Mbona hukujihesabu?"

Dereva akapunguza mwendo, najua alikuwa anasikiliza. Mezani napanga sahani nne. Taulo nakunja nne. Mwenye duka akiniuliza nyumbani mko wangapi, nasema wanne, na kidole kilipofika kwenye ile simu kilifanya kilichozoea kufanya. Miaka yote nilikuwa nikiwataja wakosaji kwa vidole vya mkono, kumbe kimojawapo cha vidole hivyo ndicho mkosaji. Kiandikeni, ni wa saba. Lakini msisahau wale sita waliokifundisha.

"Tuhamie nyumba nyingine, madam," nikasema.

"Hawarudishi pesa," baba akasema bila kuinua macho kwenye simu yake. Kwa bahati mbaya alikuwa amesoma kila kitu.

Basi ikaamuliwa kwamba watoto watakula mikate. Mimi nipelekwe Jeddah, Al-Hamra, nikakae na hajja, mamake madam, kwa kuwa msichana wake wa kazi alikuwa amepewa likizo kwenda kwao kumuuguza mama. Ndiyo, wapo wanaopewa. Tulishuka Jeddah sote, wao wakaendelea na ndege, mimi nikaachwa na mfuko wa dawa za presha na simu kuukuu ya madam.

Hajja ni mzee wa kimo kifupi na amri ndefu. Masikio yake yamekwenda. Ana kifaa cha kusikilizia, lakini anakiweka kwenye droo ya vijiko kwa sababu, anasema, kinampigia mluzi kama mvulana asiye na adabu. Kwa hiyo katika nyumba ile kila mtu anapiga kelele. Kunong'ona ndiyo kukosa heshima. Siku ya kwanza nilimuuliza chai kwa sauti ya Riyadh, akaniambia kama sina meno niende kwa daktari. Chumba alichonipa kina kitanda, dirisha la upande wa bahari, na mito miwili. Mito ilikuwa laini kupita kiasi. Niliamua nisilalamike.

Jumapili asubuhi nilikuwa namenya viazi. Ujumbe wa sauti ukaingia kutoka kwa madam. Nikadhani hajui dawa za mafua ya watoto ziko mfuko gani. Nikafungua.

"Sikiliza!" madam alikuwa anapiga kelele. "Unasikia? Unasikia hii? Tangu alfajiri! Baba amefunika kichwa na taulo! Wewe ndiye uliyechagua! Tukirudi utawaandikia malalamiko, umesikia?"

Halafu, kwa kuwa alitaka nisikie sawasawa, akanyamaza na kutoa simu dirishani.

Nilikaa chini kwenye kiti cha jikoni. Kengele zilikuwa nyingi, kubwa na ndogo, hazikufuatana vizuri, zilikuwa zinagombana kama wanawake kwenye bomba la maji. Ujumbe ukaisha. Nikaurudia. Nikaitegesha simu kwenye bakuli la viazi ili sauti itoke zaidi, nikaurudia tena, na safari hii nikafungua mdomo.

Wimbo wa mama una beti nyingi. Ule wa kwanza ulitoka na kutu. Kwenye wa pili koo likafunguka, na kuanzia hapo sikujizuia tena, nikaimba kama tulivyokuwa tukiimba shambani, yeye mstari wa mbele na mimi nyuma, machozi yakidondokea viazi bila kitunguu cha kusingizia. Kengele zikiisha narudisha. Nilifika ubeti wa mwisho. Nilikuwa nimeusahau kidogo, nikatunga.

Nilipogeuka, hajja amesimama mlangoni na fimbo yake. Sijui alikuwepo tangu lini. Hakusikia kitu, lakini aliona mdomo, na aliona uso.

"Unaongea na nani?" akauliza.

Nikasogea kwenye sikio lake nikapaza sauti. "Na mama yangu, hajja!"

Akanitazama. Akatazama viazi. "Hajambo?"

"Alifariki, hajja!"

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa fulani amehama mtaa. "Msalimie," akasema, na akaenda zake kulala.

Familia ilirudi na chokoleti na macho mekundu, tukaenda zetu Riyadh. Madam hakusahau. Akanipa simu, akanikalisha pale pale aliponikalisha mara ya kwanza, akaniambia niandike yote, nisiache kitu, na yeye akaenda kuoga. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha darasa la saba. Nikaandika kwamba jiko ni zuri. Kwamba kengele ni kali sana, zinasikika mpaka kwenye nyumba za mbali, na mwenye usingizi mwepesi asiende. Nikatoa nyota tano. Na mwishoni, ili huyo mama wa Vienna ajue, nikaandika kwamba tulikuwa watu watano.