Kadi ya Mkia Mrefu

Miaka ile ya mwisho ya Zaire nilikuwa mtunzaji wa mashine katika bohari ya dawa hapa Kindu. Tulikuwa na kompyuta tatu zilizounganishwa kwa waya mweusi uliopita ukutani. Ile kubwa, tuliyoiita serveri, ilihifadhi hesabu ya dawa zote. Nyingine mbili, ya shefu, mkuu wa bohari, na ya mama mmoja aliyeandika hati za kutolea dawa, ziliiuliza hiyo kubwa kila kitu.

Zote mbili zikiuliza pamoja, serveri ilikwama. Wauguzi kutoka Kalima na Kibombo waliketi kwenye benchi wakingoja hati mpaka wakasinzia. Nilidhani mashine imezeeka. Nilipoifungua na kusoma kitabu chake cha Kifaransa, nikaona shida ni kadi ya rezo, kile kipande kinachoshika waya na kupitisha habari. Ilizipitisha kidogo kidogo mno.

Tukamwita kwa fonii, ile redio ya kuongea na miji ya mbali, mfanyabiashara wa Goma aliyezoea kutuletea vitu kwa ndege.

"Iko za namna mbili," akajibu. "Ya mukia mufupi iko mingi. Ya mukia murefu imebaki moja tu."

Mkia kwake ulikuwa yale meno ya shaba yanayoingia ndani ya mashine. Ukiwa mrefu, habari nyingi hupita kwa mara moja. Nikamwomba ile moja.

Ilipofika, shefu aliigeuzageuza mkononi.

"Hii utaweka kwa mashine yangu. Mimi njo mukubwa hapa."

Wakati ule mtu hakumpinga shefu wake ovyo, nami nilikuwa na watoto wa kulisha. Yule mama hakuinua macho kwenye karatasi zake.

"Shefu," akasema polepole, "mashine yako inajibu wewe peke yako. Ile kule inajibu sisi wote, na wewe ndani."

Shefu akatoka, akasimama barazani kwa muda mrefu akitazama barabara. Aliporudi alinipa kadi.

"Weka kule."

Nikazima serveri, nikaichomeka, nikawasha. Muuguzi wa Kibombo akapata hati yake kabla hajakaa vizuri. Aliishika akabaki palepale benchini, kama mtu asiyejua aende wapi mapema hivyo.

Alasiri shefu aliita kutoka ofisini mwake, "Hata kwangu iko haraka."

"Ndiyo, shefu."

Nimechagua kadi nyingi tangu siku ile, na kila mara huuliza kwanza ni mashine gani inayongojwa na watu wengi. Lakini shefu sijamwelewa mpaka leo. Labda maneno yale yalimwingia. Labda alimstahi tu yule mama, aliyemzidi umri. Alihamishwa kabla sijapata moyo wa kumuuliza.