Wimbo wa Ng'ombe na Ubatizo wa Mwanangu

Mzee wa kanisa alipotangaza mbele ya watu wote kwamba mtoto wangu hatabatizwa mpaka nisimame nitubu wimbo, nilisimama kweli. Nilimsukumia mume wangu mtoto, nikatoka kwenye mstari wa akina mama waliobeba watoto wenye kofia nyeupe, nikasema kwa sauti ile ile waliyozoea kuisifu kwenye kwaya:

"Mzee, wimbo gani? Uimbe basi, watu wausikie."

Mtu mmoja kule nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Mama, huna adabu," mzee akasema.

"Adabu ninayo. Kilichokosekana hapa ni maji ya mtoto. Uimbe!"

Hakuimba. Angeimbaje? Alikuwa ametoka ziwani kama sisi, akaishi miaka mingi katikati ya Wakipsigis, akinywa maziwa yao kila siku, na hajui kwa lugha yao zaidi ya salamu na "ongeza kidogo". Wimbo aliokuwa akiukataza hakuwahi kuusikia. Aliambiwa tu.

Aliyemwambia ni mke wa mwalimu wa kwaya. Na alichokiona huyo mama ni hiki.

Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba za makarani, mume wangu akiandika hesabu ya majani kiwandani. Miaka hiyo mashamba mengi ya chai yalikuwa bado machanga, miche imefika magotini tu. Kila asubuhi alikuja mama mmoja wa Kipsigis kutoka ng'ambo ya mto, rika langu, ana mtoto mgongoni kama mimi, analeta maziwa kwenye kibuyu. Alikuwa akimkuta mwanangu analia. Analia, analia, mpaka mishipa ya shingo inatoka. Siku moja akaweka kibuyu chini, akamwinamia, akaanza kuimba.

Ulikuwa ni wimbo wake wa kukamulia. Anawaita ng'ombe wake jina kwa jina watoke kwenye ukungu, na kila jina sauti inashuka kidogo, kama mtu anayeteremka kilima polepole asimwage alichobeba. Mtoto akanyamaza. Mimi mwenyewe nywele zilinisimama. Nilikuwa nimefundishwa sauti nne, najua kusoma noti, lakini mshuko ule sikuwa nimewahi kuusikia popote.

"Dada, nifundishe," nikamwambia.

"Wewe? Wimbo ya ng'ombe? Na ng'ombe yako iko wapi?"

"Nitaazima wako."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akanifundisha.

Sasa siku ya balaa tulikuwa wawili tumemwinamia mtoto, tunaita ng'ombe, na karibu yetu nilikuwa nimetoka kupepeta vumbi la chai ambalo mume wangu alilileta kutoka kiwandani. Mtoto akapiga chafya. Kubwa! Tukacheka, mwenzangu akapiga makofi. Mke wa mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuazima pasi. Aliondoka bila pasi.

Kila mtu aliyekaa huku anajua jinsi Wakipsigis wanavyompa mtoto jina. Wanawake wanataja majina ya wazee waliokufa, moja baada ya lingine, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Kufika jioni habari ilikuwa imezunguka nyumba zote: mke wa karani amemwitia mtoto wake mzimu wa watu wengine.

Niliitwa mbele ya wazee watatu. Nikaeleza. Yale ni majina ya ng'ombe, tena ng'ombe wazima, wako malishoni sasa hivi. Mmoja wao aliuma mdomo asicheke. Nikadhani yamekwisha. Kumbe yule mkubwa wao, ndiye huyo wa kanisani, hakujali chafya wala ng'ombe.

"Hata kama," akasema. "Wewe ni binti wa ziwani. Msomi. Sauti ya kwanza ya kwaya yetu. Unamlazaje mtoto kwa nyimbo za Walumbwa? Atakuwa nani huyo?"

Walumbwa! Jina ambalo Wakipsigis wenyewe hawajiiti, mzee analitema kama kokwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu: nilipenda kitu ambacho mtu wa aina yangu haruhusiwi kupenda. Na nani aliwapa hao kazi ya kunipangia aina? Shuleni nilipigishwa magoti kwenye kokoto kwa kuvumisha wimbo wa bibi yangu puani nikiwa nafua. Ule ni wa kishenzi, wakasema, wewe sasa ni mtu wa tenzi. Nikarudi nyumbani likizo, nikaimba tenzi, shangazi zangu wakanicheka: "Sikieni huyu, amebanwa pua kama mzungu." Na hizo tenzi, samahani, zilitoka ziwani lini? Zilitoka kwa watu wa mbali kuliko ng'ambo ya mto. Nazipenda. Naweza kulia katikati ya ubeti wa tatu. Wimbo wa bibi ukipita kichwani miguu yangu bado inajibu. Na wimbo wa ng'ombe nao umeingia, na sijaona uliotoka kuupisha. Mimi si kabati la kusema rafu imejaa.

Mume wangu alinisihi nyumbani. "Mama mtoto, tubu tu. Maneno mawili. Utaendelea kuimba ndani, nani atakusikia?"

"Mtoto atanisikia. Atasikia mama yake anaimba kwa kuiba."

Alikuwa anaogopa, na sikumlaumu, maana mimi pia niliogopa. Msimu ule wa mvua ya mawe homa ya mapafu ilikuwa imechukua mtoto kwenye nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hakuwa amebatizwa. Alizikwa pembezoni mwa msitu, bila kengele, bila sala, na mzee huyu huyu alibaki nyumbani kwake akinywa chai. Mwanangu alikuwa na kikohozi wiki hiyo nilipokataa kutubu. Ndivyo walivyonishika: kwa kifua cha mtoto.

Basi Jumatatu, baada ya ile kelele ya kanisani, niliomba karatasi ya ofisi, nikaandika, nikatembea mwenyewe mpaka misheni na mtoto mgongoni. Niliandika hivi:

"Kwa Mchungaji Msimamizi.

Mimi ni mshirika kamili wa kanisa hili, niliyebatizwa na kufunga ndoa kanisani. Nalalamika juu ya wazee walioondoa jina la mtoto wangu katika orodha ya ubatizo.

Nimeshtakiwa kumpa mtoto jina la marehemu. Sikufanya hivyo. Majina yaliyotajwa ni ya ng'ombe sita walio hai, na mwenye ng'ombe yuko tayari kutoa ushahidi.

Nimeshtakiwa pia kuimba wimbo wa majirani zetu. Hilo nimelifanya na ninaendelea kulifanya. Kama kuna sheria ya kanisa inayolikataza, naomba niandikiwe, sura na mstari.

Naomba mtoto abatizwe siku utakapofika, na mzee aseme mbele ya watu wale wale kwamba alikosea. Naomba usichelewe. Mtoto ana miezi tisa, anakohoa, na baridi ya huku haingoji kikao."