Kitambaa cha Kiti Changu

Wakuu, niaje. Nimesoma visa vya wenzangu humu siku nyingi, leo nami natoa yangu. Sijaongeza chumvi. Natamani ingekuwa uongo.

Nina miaka thelathini na moja, nafanya kazi ya shifti kiwandani, tunaishi Makongeni. Mke wangu, Mama Imani, ni mtu wa Kakamega, mpole, hana kelele. Mtoto alipozaliwa nyumba ikanyamaza. Tukawa tunaongea gesi imeisha, pampers zimeisha, basi. Hakunikosea. Nilichoka tu.

Jioni yeye hufuma vitambaa vya kochi. Uzi hununua soko la Muthurwa, akimaliza anazungusha nyumba kwa nyumba hapa kwetu, mwisho wake mtaa wa Jericho. Kila kitambaa hukitia kifundo kidogo cha bluu kwenye kona, kwa sababu kamba ya kuanikia ni moja na majirani huchukuliana.

Mimi nikapata mpenzi, Lilian, mtaa wa Umoja. Jumatano yangu ya off nikawa nasema niko overtime. Saa nane mchana niko kwake, kwenye kiti cha mtu mmoja kando ya dirisha, nacheka kama sijaoa. Muonja asali haonji mara moja, na mimi nilikuwa nimehamia kwenye mzinga.

Jumatano moja nikakuta viti vyake vyote vina vitambaa vipya vyeupe. Isipokuwa changu.

Nikainua kona ya kimoja. Kifundo cha bluu.

"Umetoa wapi hivi?"

"Kuna mama alipita akiuza," Lilian akasema. "Mpole sana. Alikaa hapo kwa kiti chako, akauliza nani hukalia hapa. Nikamwambia ni mtu wangu. Akasema hicho ataniletea chake."

Nikaachia ile kona. Kule Umoja Mama Imani hajui mtu. Mpaka leo sijui alifikaje.

Jioni nyumbani akanipakulia ugali na omena. "Kazi ilikuwaje?" Nikasema sawa. Akaendelea kufuma.

Hiyo wiki nilikonda. Nilingoja anigombeze, anirushie hata kikombe. Wapi. Alikuwa anaimba nyimbo za kanisa akimwogesha mtoto.

Jumatano iliyofuata nilienda kumwambia Lilian tuachane. Nikakwama mlangoni. Kiti changu kilikuwa kimetandikwa kitambaa cha zamani, kimenyooshwa vizuri, na doa la uji katikati.

Hilo doa nalijua. Imani alinitapikia hapo akiwa na miezi minane, mimi na mamake tukacheka mpaka machozi.

"Alinipa bure," Lilian akasema. "Akasema wewe ushakizoea."

Sikukaa. Nilimwambia yameisha, nikatoka.

Nyumbani, kiti changu cha sebuleni kilikuwa wazi. Mama Imani alikuwa kwenye kochi, anafuma.

"Umerudi mapema, Baba Imani."

"Kitambaa changu kiko wapi?"

"Nilikupelekea kule unakokaa. Watu wasiseme sikutunzi."

Hakuwa na hasira, macho yake yako kwa uzi. Nimewahi kuwekewa kisu njiani, sikuogopa vile. Nikapiga magoti nikakiri yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nioshe chupa ya mtoto.

Ni miezi saba sasa. Lilian sijamwona tena. Jumatano niko nyumbani na Imani. Viti vyote vina vitambaa, changu peke yake kiko wazi, na sijathubutu kukikalia.

Juzi nikaona amemaliza kimoja kipya, cha kiti cha mtu mmoja. Wakuu, nilifurahi. Nikajua nimesamehewa. Asubuhi akakikunja polepole, akakitia kwenye mkoba, akatoka.

Jioni akarudi bila hicho. Akanipakulia, akaniuliza siku yangu ilikuwaje.

Nilichojifunza: ukichoka na nyumba yako, sema kwa mdomo ukiwa bado una pa kukaa.

Sasa nyinyi mliooa, nimuulize ni kiti cha nani, ama ninyamaze? Andikeni, nitasoma yote. Niko hapa jikoni, kwa stuli.