Waya Nilizozitawanya

Mwanangu, kaa hapa karibu, na hiyo simu uiweke chini kwanza. Kuna siku moja naikumbuka mpaka leo, na mpaka leo sijaielewa vizuri. Ndiyo maana nataka nikuambie kabla hujaenda kuanza kazi yako ya mashine.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini, vita iko ng'ambo, Kongo, na watu wanavuka ziwa Mweru kila siku kuja huku Nchelenge. Mimi nilikuwa msichana, nimetoka kusomea mashine za kompyuta Kitwe, nikapata kazi kwenye ofisi moja ya misaada. Tuliwapiga picha watoto waliofika bila wazazi, na picha tulizitunza katika makabati mawili ya disque, zile sahani za kompyuta zinazohifadhi picha, kila moja katika jengo lake. Kila kabati lilikuwa na swichi yake, kile kisanduku cha kuunganishia waya za mtandao, na swichi hizo mbili ziliunganishwa na waya moja tu. Picha zote zilipita hapo, moja moja, kama watu kwenye foleni ya kisima. Mama aliyetafuta mutoto alikaa mbele ya kioo cha kompyuta akingoja uso mmoja ufunguke, halafu mwingine, mpaka anachoka.

Bon, basi. Papa Mutombo, fundi wetu mkuu kutoka Lubumbashi, akaniambia nipange waya nne kati ya zile swichi, zishikamane zifanye kazi kama njia moja pana. Nikapanga peke yangu, maana nilijiona najua. Waya moja nikaichomeka mwanzoni mwa swichi, nyingine mbele kidogo, nyingine mbali, ya mwisho pembeni kabisa. Taa zote zikawaka kijani, nikaenda kulala nimeridhika.

Asubuhi akaja Mama Ngoie, amembeba binti yake mgongoni. Mutoto wake mwingine, Ilunga, hajulikani alipo. Nje lori lilikuwa linangoja kumpeleka kambini, mbali huko bara. Akiondoka bila kumpata, nani angejua tena mutoto amepelekwa wapi? Nikamkalisha mbele ya kioo. Picha zikaja pole pole vile vile kama jana. Nikatazama taa, ni kijani. Nikachomoa, nikachomeka, nikazima, nikawasha, bado kijani. Njia nne, na mwendo ni ule ule wa njia moja. Na nje, mwanangu, dereva anapiga honi.

Papa Mutombo akaingia, akainama juu ya swichi.

"Chanda, juu ya nini uliziweka mbali mbali? Sababu gani?"

"Papa, ni vile tunafanya hapa. Mama yangu hapakii samaki wote mu bwato moja. Mtumbwi moja ikizama, ingine inafika."

"Ulimuuliza nani?"

Nikainama kando yake kutazama. Akaendelea:

"Hii mashine inashika waya pamoja kama ziko mu kikundi kimoja, bega kwa bega. Ukizitawanya, kila moja inabakia njia yake, na picha zetu zinafuata moja tu. Ungekuja kuniuliza jana, ningekuonyesha. Sasa ule mama eko anateseka."

Hakupandisha sauti, na hiyo iliniuma zaidi. Tukazihamisha pamoja, na picha zikaanza kumiminika. Mama Ngoie alikuwa amesikia yote. Akasema, macho yake kwenye kioo:

"Na miye nilifanya vile. Batoto yangu nilibatia mu bwato mbili, juu kama moja inazama, mumoja abakie. Sasa siyue kama nilimuokoa ao nilimutupa."

Nilitaka kumwambia alifanya vizuri, na mimi mwenyewe nimetoka kuambiwa kwamba jambo lile lile nimelikosea.

Halafu Mama Ngoie akaweka kiganja juu ya kioo. Ni Ilunga, mwenye shati kubwa kuliko mwili, anatutazama. Mama hakulia. Aliuliza tu ni wapi. Picha ilipigwa kijiji cha Kabuta, na Papa Mutombo akatoka mwenyewe kumwambia dereva apitie huko kwanza.

Mitumbwi yote miwili ilifika, mwanangu, wa binti na wa Ilunga. Kwa hiyo sijui kama kuwatawanya kulikuwa akili ao ni uchungu wa bure, na sitakudanganya kwamba najua. Mazoea ya nyumbani usiyatupe, lakini usiyaweke popote bila kuuliza kama pale yanafaa. Kabla hujagusa kitu, chora unachotaka kufanya, umuonyeshe aliyekutangulia, na usipoelewa useme hapo hapo. Wakati wewe unajifanya unaelewa, kuna mutu anangoja, na lori lake liko mlangoni.

Mungu akupe mikono iliyotulia na wakubwa wanaofundisha bila kufokea. Usiku ulale umeuliza yote uliyotaka kuuliza. Haya, nenda salama.