Moshi Kwenye Banda la Kivuli

Walisema sitamaliza hata msimu mmoja. Aliyelisema waziwazi ni baba mkubwa, siku niliyorudi Itetemia na begi moja na diploma yangu ya kilimo ndani ya bahasha ya plastiki. Aliishika ile diploma, akaigeuza nyuma kana kwamba bei imeandikwa huko.

"Babu zetu walitembea hadi pwani kwa miguu, wakarudi na vitambaa na chumvi," alisema. "Wewe umepanda ndege, umerudi na karatasi."

"Karatasi hii, baba mkubwa, Tabora nzima hakuna mwenye nayo."

"Ndiyo maana hatujui inaliwa na mboga gani."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilikuwa nimekaa Kuba miaka sita, minne ya masomo na miwili ya kazi katika ghala la majani ya sigara nene, zile zinazoviringishwa kwa mkono, jani tupu bila karatasi. Nilitoka hapa mtoto wa mjane, sina hata viatu vya pili. Nilirudi naweza kufumba macho, nikapewa jani, nikasema limechumwa chini ya mmea, katikati au juu. Sidhani kama mkoa huu una mtu wa pili wa namna hiyo. Nayasema haya kwa sababu ni kweli.

Tabora inalima tumbaku tangu kabla sijazaliwa, lakini ni ile ya kukaushwa kwa moto ndani ya bani, kijumba cha udongo chenye tanuri, na inakwenda viwandani kwa sigara za kawaida. Mimi nilitaka jani la sigara nene. Hilo haliguswi na moto. Linaning'inizwa kwenye banda la kivuli, upepo unapita ubavuni, wiki saba au zaidi, kisha linarundikwa na kuvundikwa kama ndizi mpaka ukali wake utoke. Nilifuata vibali, nikampata na mnunuzi, mama mmoja wa makamo kutoka Arusha aliyekusanya majani ya kiwanda kidogo nje ya nchi. Hakuniahidi kununua. Aliniahidi kuja kunusa.

Fedha nilikopa kwa watu watatu. Baba mkubwa alinipa ya ng'ombe wawili, akasema anainunua nafasi ya mbele ya kunicheka. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini alinipa mabati na mbao, kwa kuwa marehemu baba alikuwa mteja wake na hakuwahi kumkimbia na deni. Wa tatu ni kikundi cha kuweka na kukopa cha kina mama wa kanisa letu la Moraviani. Hapo aliyekopa ni mama, kwa jina lake, kwa ajili yangu.

Hilo la tatu ndilo lililoninyima raha. Nilipokuwa mdogo niliwaona kina mama hao wakienda kwa jirani aliyeshindwa kulipa. Walikuja wote kwa pamoja, wamevaa vizuri. Walisalimia, wakapewa maji, wakanywa, wakashukuru. Kisha wakatoa kitanda, cherehani na masufuria, na mwisho fundi wao akapanda juu akaanza kung'oa bati. Hakuna aliyepaza sauti. Mwenye nyumba alikuwa amesimama uani akiwashikia ngazi. Tangu nilipopokea fedha ile, kila nikitazama bati la mama yangu, lile alilolinunua kwa kuuza maandazi stendi, naiona ile ngazi.

Shamba langu liko kando ya njia ya zamani ya misafara, ile inayoshuka kuelekea Ujiji, na wapita njia ni wengi. Kila mmoja alisimama kuuliza. Mbona hujajenga tanuri? Mbona kuta zina mianya? Niliwajibu wote jibu moja: "Ni mambo ya kitaalamu." Nililipenda sana jibu hilo. Hata mama nilimjibu hivyohivyo.

Majani yalitoka mazuri. Nilikata, nikayashona mawiliwili kwa uzi, nikayatundika kwenye fito, na banda likajaa vyumba vyote vinne. Yalikuwa yameanza kugeuka rangi nilipopata malaria kali, nikalazwa hospitali ya Kitete siku nne. Nikiwa kitandani nilisikia mvua ya mwisho wa masika ikipiga bati la wodi, na nilichowaza ni unyevu. Jani likilowa kwa siku mbili linaota ukungu. Nilimwomba muuguzi aniruhusu niondoke. Akaniuliza kama nina shamba au nina mgonjwa mwenzangu huko.

Siku ya tano nilipanda bodaboda. Tulipofika mahali ambapo njia inapinda kuingia kwetu, nilinusa. Nilimwambia dereva asimame, nikashuka, nikanusa tena. Ulikuwa moshi wa kuni za miombo, ule mtamu wa jikoni. Miguu ilikuwa dhaifu kwa dawa, lakini nilikimbia.

Mama alikuwa mlangoni kwa banda na wenzake watatu wa kikundi, macho mekundu, khanga zimejaa majivu. Vyumba viwili vya upande wa magharibi vilikuwa na makaa sakafuni.

"Tumekuokolea tumbaku yako, baba," mama aliniambia. "Ilikuwa inatoa jasho. Tumepokezana tangu juzi."

"Mama, hii haiwekewi moto."

"Tumbaku gani isiyowekewa moto?"

"Hii."

Alinitazama, akawatazama wenzake. "Hukuniambia."

Ilikuwa kweli. Mwenyekiti wa kikundi, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alijifuta uso akasema polepole, "Ulituambia ni mambo ya kitaalamu. Sisi tukadhani utaalamu ni kuni zimekuishia."

Hakuna aliyecheka. Wale waliosimama pale ndio wangekuja kunywa maji kwetu na kushusha bati, na sote watano tulilijua hilo. Mama alianza kuokota makaa kwa koleo.

Vyumba viwili vya mashariki vilikuwa salama, upepo ulikuwa umeusukuma moshi upande wa pili. Viwili vya magharibi viliharibika. Jani lilikuwa zuri kwa macho, hata mimi ningelipenda, lakini ukilileta puani unasikia jiko. Mvutaji wa sigara nene analipa ghali ili asisikie jiko.

Baba mkubwa alikuja kunipa pole. Safari hii hakucheka, na hilo lilinitisha zaidi.

"Weka ya moshi katikati ya mtumba, safi juu na chini," alisema. "Nani anaingiza kichwa katikati ya mtumba? Sisi tumeuza hivyo tangu ujana wetu."

"Huyu mama ananusa, baba mkubwa."

"Basi omba Mungu aje na mafua."

Nilifanya alivyosema. Sijivunii, ila nilifanya. Majani yalipokauka na kuvundikwa, mafungu mawili mbalimbali, nilifunga mitumba mitatu ya namna hiyo na kuishona. Siku tatu nzima nilipita karibu nayo kama mtu aliyefuga chatu. Siku ya nne nilikata uzi wa mtumba mmoja na kuchomoa jani safi la juu kabisa. Lilikuwa limeshika harufu. Moshi ulikuwa unatembea, kutoka jani hadi jani. Niliikata yote mitatu palepale, nikatenga, nikatandaza majani uwanjani huku nikijisemea kwa sauti kama mwehu. Safi iliyokwisha kushika harufu niliitupia upande wa moshi. Nilikuwa nimepoteza tena sehemu nyingine, kwa mkono wangu mwenyewe.

Mnunuzi alipofika nilimwamkia, nikampeleka kwanza kwenye fungu la moshi. Nilitaka liishe.

"Hili lilipata ajali," nilimwambia. "Liliwashiwa moto nikiwa hospitali."

Alinusa mara moja tu, akalirudisha. "Asante kwa kunipunguzia kazi. Jingine liko wapi?"

Kwenye fungu safi nilimwonyesha kwanza majani ya katikati, membamba, rangi ya asali, fahari yangu. Aliyanyoosha juu ya vifundo vya mkono, akayaacha. Akaenda kwenye majani ya juu ya mmea, meusi, mazito, yenye mafuta, ambayo mimi niliyaweka nyuma kama ya daraja la pili. Aliviringisha kipande, akakiwasha, akakaa kwenye kreti kukivuta. Mama alikuwa dirishani kwake. Niliyatazama majivu yake yanavyorefuka, meupe, hayadondoki.

"Ulifundishwa lini hii kazi?" aliniuliza.

Nikamwambia.

"Wakati huo ilikuwa rangi ya asali. Soko limegeuka. Sasa wanataka jani jeusi, lenye nguvu, na sigara imezidi unene. Haya ya juu nachukua yote, kwa bei ya kwanza. Ya asali nachukua kwa bei ya pili."

Diploma yangu ilikuwa imenifundisha soko lililokwisha pita. Hata hivyo jani nililikuza mimi, na hilo hakuna atakayeniondolea.

Fedha yake ilitosha kumlipa mwenye duka na baba mkubwa, na nusu ya kikundi. Nusu iliyobaki ilitoka kule nisikotazamia. Mwenyekiti alikuja na vinu na wanawake sita, akaomba fungu la moshi. Walilitwanga ugoro. Wazee wa Tabora wanapenda ugoro wenye moshi, nami msomi sikuwa nalijua hilo. Waliuza kwa vijiko sokoni, gulio hadi gulio, wakaniletea fedha kila Jumatatu.

Siku ya kulipa nilianzia mjini. Mwenye duka alihesabu mara mbili, akaninunulia chai. Baba mkubwa hakuhesabu. Alisema, "Nafasi yangu ya mbele imepotea bure," akaniuliza kama mwakani nitampa miche.

Mwisho nikaenda kwa mama. Kina mama wa kikundi walikuja wote kwa pamoja, wamevaa vizuri. Walisalimia, wakapewa maji, wakanywa, wakashukuru. Nilijua wamekuja kwa heri, na bado nilitupa jicho uani kutafuta ngazi. Niliweka fedha mkekani. Noti za ugoro zilikuwa zinanuka moshi. Mwenyekiti alizihesabu huku akipiga chafya, akafungua daftari, akampa mama kalamu afute jina lake mwenyewe. Mama alifuta kwa mistari miwili, kisha akainua macho, akalitazama bati lake juu kwa muda mrefu, upande huu hadi upande ule.