Oveni ya Pili ya Orville

Orville Stucky aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja, hapa kwetu kusini mwa Indiana, bila kukwaruza hata kioo. Alipostaafu, akaona amani imemzidi. Akanunua bastola ya baruti nyeusi, ya mtindo wa enzi za babu wa babu yake, iliyotengenezwa Italia mwaka jana.

Mkewe, Verna, alimpa sharti moja. "Siku jiko langu litakaponuka hicho kitu, kinarudi dukani. Ukitaka, kifuate."

Katika klabu ya wapiga shabaha, mzee Harlan, mwanachama wa siku nyingi, hakumuuliza kama anajua kulenga.

"Nyumbani una oveni ngapi?"

"Moja."

"Basi hujaanza, bwana."

Jumamosi ya kwanza Orville akaonja raha yenyewe. Unamimina baruti katika tundu moja la silinda ya bastola, unashindilia risasi ya duara kwa wenzo, unapaka mafuta juu yake. Unarudia mpaka matundu matano yajae. La sita huachwa tupu kwa usalama. Unabandika fataki za kuwashia nyuma ya kila tundu. Robo saa imekwisha. Unafyatua, moshi unafunika dunia, kisha unangoja upepo ukuonyeshe ulichokosa. Orville alikosa mara zote tano.

"Umeipiga Kentucky, ng'ambo ya mto," Harlan akasema. "Ngoja wajibu."

Masizi ya baruti hiyo hula chuma usiku mmoja, kwa hiyo bastola huoshwa siku ileile kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, ikakaushwa kwa joto dogo la oveni. Verna alikuwa kwa dada yake. Orville akaiosha, akaisukuma nyuma kabisa ya oveni, akaketi kupumzika kidogo. Akakoroma.

Verna akarudi, akapandisha moto, akaoka pai ya mapichi ya chakula cha kanisani. Hakuchungulia nyuma, oveni za Wakristo huwa hazina silaha. Orville alipozinduka, pai ilikuwa inapoa mezani. Akaitoa bastola kimyakimya, mpini umekuwa mkaa, akaamua kuwa mtu wa sala.

Jumapili, kwenye chakula cha kanisani, Harlan alitafuna kipande cha kwanza cha pai polepole. Kilinuka mayai viza, kama masizi ya baruti.

"Orville, ulisahau kutoa mpini wa mbao?"

Verna akaweka kisu chini. "Mpini wa nini?"

Orville aliitazama sahani yake kana kwamba inaandika wosia wake.

"Kesho inarudi dukani," Verna akasema.

Bernadine, mke wa Harlan, akamvuta Verna pembeni. "Mwenzangu, ikirudi, Jumamosi huyu atashinda wapi?"

Verna akafikiri. Tangu astaafu, Orville alikuwa akimfundisha kumenya viazi.

Jumanne ikaletwa oveni mpya, ya Verna. Ile kuukuu ikahamia gereji.

Harlan akaja kuikagua, akafungua mlango wake, akanusa, akaridhika.

"Sasa umeanza."

Karatasi ya shabaha ya Orville, mpaka leo, haina tundu hata moja.