Hitima Yetu na Wali wa Kunguru

Mwaka ule Shaaban iliangukia msimu wa kuchuma karafuu. Nilikuwa nimeolewa Wambaa, nikarudi kwetu Wete kwa hitima ya marehemu baba. Desturi yetu ni kuwasomea Kurani wazee wetu waliofariki kabla ya Ramadhani kuingia, kisha iombwe dua, watu wapate kula.

Jirani yetu alikuwa mjane wa Kihindu, mwenye duka la vitambaa. Naye siku hiyo alikuwa na marehemu wake. Alinieleza mwenyewe asubuhi, kila mmoja yuko upande wake wa ukuta wa ua, kwamba kwao kila mwaka kuna nusu mwezi wa kuwakumbuka waliokufa. Siku ya mumewe hupika wali wa maziwa, akauweka ukutani juu ya jani la mgomba. Kunguru akila, marehemu kapokea. Asipokula, mwenye nyumba naye hagusi chakula.

Adhuhuri ilipopita nikamkuta bado amekaa palepale, midomo imemkauka.

"Hawajaja?" nikamuuliza.

"Hata mmoja. Labda mzee amenikasirikia."

Nikaenda kumwambia mama, aliyekuwa jikoni na sufuria za pilau. Mama akatoka, akainua macho. Kunguru wote wa mtaa walikuwa juu ya paa letu, wakingojea matumbo ya mbuzi tuliyemchinja.

"Maskini, tumemchukulia wageni wake," akasema.

Ukumbini wasomaji walikuwa hawajamaliza juzuu zao. Mama akaagiza matumbo yafukiwe na sufuria zifunikwe. Kisha mama, shangazi na mimi tukasimama uani, tukapunga kanga zetu kuwasukuma wale ndege upande wa ukuta.

"Lakini hayo si ya dini yetu," shangazi akanong'ona.

"Kumfukuza kunguru hakujakatazwa," mama akamjibu.

Mmoja akatua ukutani. Akatazama huku na huku, akadonoa wali. Yule mjane akasimama, akajifunika kichwa, akaanza kuzungumza naye kwa Kihindi chao, polepole, kama mke anayempa mumewe habari za nyumbani. Sikufahamu hata neno. Nyuma yangu ilikuwa inasomwa Yasini. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, kanga imemlegea mkononi, na hakuna aliyesogea mpaka ndege yule aliporuka.

Jirani akaingia ndani kula. Nasi tukarudi kupakua, maana wasomaji walikuwa wameshafika kwenye dua.